Majani Mawili Katikati ya Uwanja wa Emalua

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi mchana huu. Kama uko shambani na redio umeitundika kwenye tawi, kaa chini kidogo. Kama uko baharini, punguza mashine ili usikie. Leo tunamkumbuka mzee Kalmet Matarau wa kisiwa cha Emalua.

Mzee Kalmet alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja. Alikuwa msimamizi wa uwanja wa ndege wa Emalua kwa miaka thelathini na mitatu, na mzee wa kanisa kwa miaka ishirini. Ameacha mke, mama Leiwia, na binti mmoja, mwalimu Dorina.

Alifia kwenye boti, katikati ya bahari, akipelekwa hospitali ya mji mkuu, Vila. Narudia kwa ajili ya wale wanaofungua redio sasa hivi. Mzee Kalmet, mtu wa ndege, alifia kwenye boti. Hakwenda kwa ndege kwa sababu uwanja wa Emalua ulikuwa umefungwa. Na aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Tangu Jumanne simu za hapa studioni hazipumziki. Wengine wanasema alikuwa mkaidi. Wengine wanasema alikuwa mtu wa haki. Wasikilizaji wapendwa, hatukuketi hapa kumhukumu. Tumeketi kumsimulia, polepole, kama familia yake ilivyotusimulia. Mungu atusaidie tusimseme vibaya, na tusimpake sukari.

Tuanze na uwanja wenyewe.

Kalmet alikuwa na miaka thelathini na minane serikali iliposema kwamba kisiwa kitakachosafisha ardhi yake chenyewe kitapata ndege. Emalua hawakuwa na trekta. Walikuwa na mapanga na majembe. Kwa miezi mitatu walikata vichaka na kung'oa mizizi. Mwisho ardhi ikawa wazi, lakini laini kama unga. Ndege ingezama.

Zamani watu wangeichezea ngoma ardhi hiyo mpaka ishindiliwe. Mchungaji wa wakati ule hakutaka kusikia habari ya ngoma. Ndipo Kalmet akasimama kanisani akauliza, "Mchungaji, kutembea je? Kutembea nako ni dhambi?"

Mchungaji akasema kutembea si dhambi.

"Basi tutatembea na nyimbo za kanisa. Mungu hakukataza kukanyaga."

Wakatembea. Kisiwa kizima, wazee kwa watoto, bega kwa bega, kwenda na kurudi, wakiimba, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Mama Leiwia anakumbuka.

"Miguu iliuma mpaka tukasahau ubeti wa tatu," alituambia. "Mzee mmoja akapiga kelele, 'Rudieni wa kwanza, Bwana hajachoka nao!' Tukacheka, tukarudia wa kwanza. Ardhi ile ilishindiliwa na ubeti mmoja."

Ndege ya kwanza ilikuwa na viti tisa. Ilikuja Jumanne na Ijumaa. Kalmet akapewa kazi ya usimamizi. Alifukuza ng'ombe uwanjani. Aliongea na rubani kwa simu ya upepo, akamwambia mawingu yako wapi na upepo unatoka wapi. Alipima kila abiria kwenye mizani iliyokuwa ya kupimia nazi kavu, maana ndege ndogo haivumilii kudanganywa uzito.

Na pale kwenye mizani ndipo watu wa Emalua walipomzoea.

"Dada, shuka kwanza uweke kikapu chini," angesema. "Kilo hizi ni za viazi vikuu au ni zako?"

"Ni za mume wangu! Anapika vizuri!"

"Basi mwambie rubani amlaumu mumeo tukigusa miti."

Watu walicheka. Halafu, ndege ilipoonekana, angevua kofia. Kila mara. Kwa miaka thelathini na mitatu. Angesema maneno yale yale, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani: "Bwana, washushe wote." Ndege ikisimama, angevaa kofia na kuendelea na kazi.

Sasa sikilizeni jinsi wageni wa kwanza walivyofika Emalua, maana walifika kwa kosa, na kosa lile lilikuwa letu.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa nne wa uwanja. Ndege ile ilikuwa ikitua visiwa vitatu, kimoja baada ya kingine. Rubani akataja jina la kisiwa, mashine zikaimeza sauti yake. Mume na mke kutoka Australia, wekundu kwa jua, wakashuka na mabegi yao. Kalmet hakuwajua. Hakuwa ameambiwa kuna wageni. Lakini mnajua desturi yetu. Mgeni haulizwi amefuata nini kabla hajala. Ni aibu. Ni kama kumwambia hukumtaka.

Kwa hiyo Kalmet akachukua mabegi yao kwa mikono yake miwili, akawapeleka nyumbani. Mama Leiwia akafungua tanuri la mawe, akatoa laplap, ule mkate wetu wa ndizi za kukuna, wenye tui zito. Wageni wakala. Ndege ikaruka. Walipomaliza kula, Kalmet akaona sasa ni adabu kuuliza.

"Haya. Mmekuja kwa nani?"

Yule mume akafuta mdomo. "Tumekuja kuona volkano. Iko upande gani?"

Mama Leiwia alitusimulia hili akiwa na machozi ya msiba bado shavuni, na bado alicheka. "Nilimwambia, baba, hapa hata jiko la gesi hatuna, sembuse mlima wa moto!"

Walikaa siku nne, mpaka ndege ya Jumanne. Waliogelea kwenye maji tulivu nyuma ya mwamba. Jumapili walikuja kanisani, wakaketi nyuma. Jumanne yule mke alilia kwenye mizani. Walirudi kwao wakawaambia wenzao. Mwaka uliofuata walikuja sita. Hao hawakukosea. Hao waliitaja Emalua kwa jina.

Kalmet akajenga nyumba moja ya makuti kwa ajili ya wageni. Jirani akajenga. Jirani wa jirani akajenga. Baada ya miaka ishirini na mitano zilikuwa nyumba ishirini na mbili, na ndege ilikuja mara nne kwa wiki. Zahanati ikapata umeme wa jua. Shule ikapata bati. Tusiyasahau hayo.

Lakini tuyaseme na mengine. Mwezi wa kumi chemchemi ilianza kukauka, kwa sababu wageni huoga mara tatu kwa siku. Viazi vikuu vilianza kutoka visiwa vingine. Na ndege ilikuwa bado na viti tisa. Wageni walishika nafasi miezi sita kabla. Mwenyeji alishika nafasi siku aliyougua.

Hilo ndilo lililomtesa Kalmet. Mara ngapi alimwambia mama mwenye mtoto mgonjwa, "Subiri Ijumaa, dada, leo imejaa." Mama mmoja alimjibu mbele ya watu, "Mimi niliikanyaga ardhi hii kwa miguu yangu, shemeji. Wao waliikanyaga lini?"  Kalmet alirudi nyumbani hakula.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, msidhani Kalmet alikuwa adui wa maendeleo. Wazo la kurefusha uwanja lilipokuja, ili itue ndege kubwa yenye viti arobaini, Kalmet ndiye aliyelipigia makofi wa kwanza.

Aliyeleta wazo lile ni Amos.

Amos ni mtoto wa dada yake Kalmet. Mama yake alifariki Amos akiwa na miaka tisa. Kalmet, mjomba wake, akamchukua na kumlea pamoja na Dorina, sahani moja. Amos alikwenda Vila, akafanya kazi kwenye hoteli, akarudi na akili nyingi na boti yenye mashine kubwa. Nyumba nane kati ya zile ishirini na mbili ni zake. Mjomba alimpenda. Lakini waligombana kidogo kidogo, kama watu wa nyumba moja.

Ugomvi mmoja ulihusu majani ya namele. Wageni walipenda umbo lake, kama unyoya mkubwa wa kijani. Amos akaanza kuyafunga kwenye milango ya nyumba zake, kwa mapambo.

"Mpwa wangu," Kalmet akamwambia, "yale ni majani ya kusema 'simama'. Wewe unayatumia kusema 'karibu'."

"Mjomba, wageni wanapiga picha tu. Nani anasimamishwa?"

"Ndicho hicho ninachokuambia. Hakuna."

Kurefusha uwanja kulihitaji mita mia nne upande wa mashariki. Upande wa mashariki kuna shamba la zamani, na kando ya shamba wamelala watu wa Emalua waliokufa kwa surua, wakati wa bibi yake Kalmet. Walizikwa haraka, bila misalaba. Kila familia inajua wake wako wapi, kwa kukadiria.

Kalmet alikubali wahamishwe. Aliweka sharti moja. Kabla mashine ya kuchimba haijagusa ardhi, mikeka itandikwe, nguruwe achinjwe, mchungaji aombe, na kila familia iwatoe watu wake kwa mikono. Amos akampa mkono. "Umesikika, mjomba."

Mashine ikafika kwa jahazi la mizigo siku ya Jumatano. Ilikodiwa kwa siku tatu tu, Jumamosi iondoke. Kalmet alikuwa kisiwa cha pili kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, arudi Ijumaa. Alhamisi dereva wa mashine akamuuliza Amos, "Nikae bure?" Amos akamwonyesha pembeni, mbali na makaburi, akasema anzia hapa, hapa hapana mtu.

Palikuwa na mtu.

Walikuwa watatu, pamoja, na kikombe cha bati.

Kalmet alirudi Ijumaa asubuhi. Dorina alikuwepo. Anasema, "Baba hakupiga kelele. Alivua shati lake la mkutano, jeupe, akawafunika. Akabaki na fulana. Halafu akaenda msituni na panga."

Akarudi na majani mawili ya namele. Akayalaza katikati ya uwanja, moja juu ya jingine, kama msalaba ulioanguka. Akaenda kwenye simu ya upepo. Ndege ilikuwa angani tayari. Akasema, "Emalua imefungwa. Tabu." Tabu kwetu ni mwiko, na rubani ni mtu wa visiwa hivi. Hakuuliza. Akapita juu.

Wote wanaotusikiliza wanajua maana yake. Majani yale huondolewa na aliyeyaweka, mbele ya machifu, baada ya aliyekosa kuja na nguruwe na mikeka. Mwingine yeyote akiyaondoa, anapigana na nchi nzima.

Jambo lile lingeweza kuisha siku ile ile. Amos alikuwa ameshakubali kosa. Alishamtuma mtu kuchagua nguruwe. Alikwenda uwanjani kumtafuta mjomba wake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kulikuwa na wageni wawili waliokuwa wakisubiri ndege. Waliyaona majani. Walikuwa wameyaona kwenye milango ya Amos wiki nzima. Wakaenda wakaketi katikati yake, wakakumbatiana, wakapiga picha. Wakamwita Amos: haya mazuri, ni ya kutuaga? Amos akatazama huku na huku. Akacheka. Akasema ndiyo, ni mapambo.

Kalmet alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha mizani. Alimsikia akicheka.

"Nilicheka kwa aibu," Amos alituambia juzi. "Ningewaambia nini? Kwamba nimechimbua mifupa ya bibi zangu ili wao waje wengi zaidi? Nilicheka kwa aibu. Sikucheka kwa dharau."

Kalmet hakujua hayo. Jioni ile alituma neno: si nguruwe mmoja tena, ni wawili. Mmoja wa makaburi, mmoja wa kicheko. Na Amos aje mwenyewe.

Amos naye akapandwa na hasira. "Mashine si yangu, ni ya mradi wa uwanja. Na kucheka hakuna faini. Mwambieni mzee akae na majani yake."

Wiki zikapita. Wageni waliokuwepo waliondoka kwa boti. Wapya hawakuja. Nyumba ishirini na mbili zikabaki na mijusi. Ndege ilipita juu kwenda visiwa vingine, na wanaume kilabuni, wakinywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, walimtania Kalmet, utani wenye miiba.

"Mzee, leo rubani katupungia mkono?"

"Hakupunga, alikuwa anajikuna."

"Siku hizi hata ng'ombe wanauliza, mbona hatufukuzwi?"

Mchungaji wa sasa alikwenda kumwona. Alimwomba ayaondoe kwa jina la Kristo. Kalmet akamjibu kwa heshima, "Mchungaji, nimeyaombea kila asubuhi. Naomba Amos aje. Siombi nguruwe tena. Naomba aje tu." Lakini neno hilo halikumfikia Amos. Mchungaji anasema alidhani si lake kulipeleka. Analijutia. Ametuomba tuliseme hewani, nasi tumelisema.

Wasikilizaji wapendwa, sasa tunafika mahali pagumu.

Wiki ya saba ya majani, Naomi, mke wa Amos, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Damu ilikuwa nyingi. Nesi Melika wa zahanati alizungumza na Vila. Ndege ya wagonjwa ilikuwa tayari. Nesi akakimbia mpaka kwa Kalmet. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Mzee, ndege iko tayari. Inasubiri neno lako."

"Amos yuko wapi?"

"Yuko na mkewe."

"Aje. Mwambie aje. Hata mikono mitupu. Asimame tu pale, niyaondoe."

Nesi akarudi mbio. Amos alimsikiliza, akasema, "Nimwache mke wangu anavuja damu, niende nikaombe radhi?" Akamfunga Naomi kwenye godoro, akambeba na ndugu zake mpaka ufukweni.

Mama Leiwia alikuwa barazani. Alimwona mumewe akitoka bila kofia, akielekea uwanjani, haraka kuliko anavyotembea mtu wa umri wake. Alifika penye majani. Akasimama. Wakati ule ule mashine ya boti ikasikika ikiondoka.

"Alisimama pale mpaka sauti ikaisha," anasema mama Leiwia. "Watu wananiuliza, alikwenda kuyaondoa au kuyalinda? Sijui. Sikumuuliza. Nilisema nitamuuliza siku nyingine."

Naomi alipona. Mtoto hakupona. Alizaliwa na kufa baharini, wa kiume. Wakamrudisha Emalua, wakamzika kando ya njia ya chini iendayo kanisani.

Tangu siku ile Kalmet hakuonekana kwenye njia ya chini. Jumapili alizunguka kwa njia ya juu, yenye mawe, yeye na mguu wake mbaya. Amos aliliona hilo. Alikuwa akikaa kaburini kwa mtoto, anamwona mjomba wake akipita kule juu, hatazami. Akasema moyoni, mtu huyu hata kaburi la mwanangu analikwepa.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, kifua cha Kalmet kilibana. Jumanne alfajiri alikuwa na jasho na midomo ya bluu. Nesi Melika akasema ni moyo, apelekwe Vila, na kwa ndege, kwa sababu boti ni safari ya saa sita.

Dorina alipiga magoti kando ya mkeka. Haya ni maneno yake, kama alivyotupa.

"Nikamwambia, baba, niruhusu nikayaondoe. Sema tu neno, machifu wako hapa mlangoni. Akasema, 'Kwa mtoto wa Amos hayakuondoka. Kwangu yaondoke?' Nikamwambia, baba, hicho ni kiburi. Akafumba macho. Akasema, 'Labda. Niombee.'"

Hakuna aliyemwita Amos. Alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, mtu ambaye hakuwa ameingia nyumba ile kwa wiki kumi, akageuza mgongo, akachuchumaa. "Mjomba, panda." Akambeba mgongoni mpaka kwenye boti, kama mjomba alivyombeba yeye siku ya msiba wa mama yake.

Ndani ya boti walikuwa Amos, nesi Melika na mgonjwa. Kichwa cha Kalmet kilikuwa mapajani mwa nesi, karibu na mashine, na Amos alikuwa akiendesha. Anasema mawimbi yalikuwa makubwa mpaka karibu saa tatu. Halafu bahari ikatulia, na mjomba wake akafungua macho, akasema.

"Akasema, 'Amos, sipiti njia ya chini kwa sababu siwezi kumpita.' Basi. Hivyo tu. Nami nilidhani ananidharau. Nikamwambia, mjomba, siku ile ya picha nilicheka kwa aibu. Sijui kama alisikia. Sikutaka kupunguza mashine."

Tulimuuliza nesi Melika kama mzee alisikia. Alisema hajui. Alisema mkono wa mzee ulikuwa ukisogea, lakini boti nayo ilikuwa ikitikisika.

Saa nne asubuhi mzee Kalmet Matarau alifariki. Amos aligeuza boti.

Wamemzika Alhamisi, upande wa mashariki wa uwanja, pamoja na wale watatu aliowafunika kwa shati lake. Amos alileta nguruwe wawili. Hakuna aliyemwambia alete. Aliwafunga kwenye mti nyuma ya nyumba ya mjomba wake na kuondoka.

Majani bado yako uwanjani. Yamekauka, yamekuwa rangi ya udongo, lakini yako. Machifu walikaa Ijumaa na Jumamosi. Wakaamua kwamba haki ya marehemu imeingia mikononi mwa Dorina, binti yake. Akiyaokota, uwanja umefunguka. Akiyaacha, umefungwa. Hawakumwekea siku.

Sasa kila mtu anapita kwa Dorina. Wenye nyumba za wageni wanapita. Mama mwenye mtoto wa pumu anapita. Mtu wa mradi amepiga simu kutoka Vila akiuliza kuhusu mita mia nne. Wengine wanamwambia asiguse kitu, majani yakae mpaka yawe mavumbi, baba yake aheshimiwe. Dorina anawapa wote chai.

Kwako mama Leiwia, kwako mwalimu Dorina, kwa ukoo wote wa Matarau, poleni sana. Bwana ametoa, na Bwana ametwaa. Kwenu Amos na Naomi, mliofiwa mara mbili kwenye bahari ile ile, poleni sana. Hatujawasahau. Msifikiri kwamba huzuni yenu imefunikwa na hii mpya.

Na kwenu, wasikilizaji wapendwa wa visiwa vyote, vile vyenye viwanja na vile vinavyoomba kupewa, nina ombi. Leo, kabla hamjala, mfikirieni mtu ambaye mmesubiri aje kwenu. Huenda naye anasubiri. Huenda neno limekwama kwa mtu wa katikati. Usimtume mtu. Nenda. Na pale mnapokaa kupanga wageni waje wangapi na watue wapi, ulizaneni kwanza ardhi hiyo imembeba nani. Halafu ombeni, kwa sababu majibu mengine hayapo kwenye mipango.

Na msipige simu kuuliza nani alikosa. Mwombeeni Dorina. Jana, tulipokuwa tukiaga, tulimuuliza anaogopa nini. Tulidhani atasema anawaogopa machifu, au watu wa mradi, au marehemu. Alikuwa akiwamwagia nguruwe maganda ya viazi. Alijibu bila kugeuka.

"Kuokota siogopi. Ni majani mawili tu. Naogopa kwamba siku ndege ikitua watu watafurahi, na mimi nitafurahi nao."

Wasikilizaji wapendwa, hatutapiga wimbo. Tunyamaze pamoja.